Mwaka Waliomhesabu Dokta Nangobi

Mwezi uliopita tulimzika Dokta Nangobi kijijini kwao, mwendo mfupi tu ukitoka Jinja, na mtu wa kipaza sauti akawa anamwita profesa. Profesa wetu huyu, profesa wetu huyu, mpaka nikaona shingo za watu wa chuo zikigeuka moja baada ya nyingine. Mimi nilikaa hema la mbele pamoja na waheshimiwa, maana mtu wa aina yangu siku hizi hakai nyuma: nina malori, nina ghala, nina jengo la ghorofa pale Mbale ambalo hata wanaonichukia hulitumia kuelekezana njia. Nilitaka kusimama nimwambie yule kijana wa kipaza sauti kwamba huyu mama hakuwa profesa, na kwamba sababu ya kutokuwa profesa ni nzuri kuliko uprofesa wenyewe. Lakini msibani mtu hasahihishi. Tulipomaliza kutupa udongo akanijia mzee mwenye mkongojo, koti limemzidi, akasema, "Haji, si unarudi Mbale? Nipe kiti." Alikuwa Dokta Gidudu. Nikampa kiti cha mbele, kwa heshima, na nilipowasha gari nikajikuta napapasa mfuko wa shati, kama mtu anavyojipapasa akipita katikati ya vijana wa stendi. Tangu mwaka ule sikuwa nimekaa naye karibu hivyo.

Ya wazazi wangu na ya shule sitayaeleza hapa; shule yenyewe haikuwa ndefu kiasi cha kuelezeka. Niseme tu kwamba nilikuwa kijana mwenye pikapu, naitwa Fara, uhaji bado. Na wakati ule, kijana wa Kinubi wa Jinja mwenye pikapu yake mwenyewe, aliyoinunua kwa jasho na si kwa kurithi, alikuwa mtu. Nilinunua mahindi Busiu, nikauza Jinja, na hakuna mkulima aliyewahi kuniuzia mahindi mabichi akidai ni makavu, kwa sababu nilikuwa naiuma punje kwa meno na jino langu halidanganyiki. Dokta Nangobi alinikuta Busiu nikibishana na mtu juu ya gunia. Akasimama akasikiliza mpaka mwisho, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kisha akaniuliza kwa Kiswahili safi, maana alisomea ng'ambo ya mpaka wa Malaba, kama ningeweza kumwendesha: siku za kufundisha nimpeleke Mbale, siku nyingine nimzungushe kwa wakulima wake. Nikauliza kwa nini mimi. Akasema, "Kwa sababu humwamini mtu." Nilidhani ananitukana. Baadaye nikajua alikuwa anasifu.

Alipanga nyumba Kimaka, hapo Jinja, karibu na wanajeshi, na chumba cha nyuma akanipa mimi. Asubuhi tuliamshwa na maafande wakikimbia barabarani huku wakiimba. Nyumba yote ilinuka majivu. Sebuleni hapakuwa na makochi, palikuwa na madebe ya mahindi yamepangwa ukutani, mengine yamechanganywa na majivu, mengine mahindi matupu, na ukitega sikio kwenye hayo yasiyo na majivu ulisikia fukusi wakitafuna, sauti ndogo kama mvua ya mbali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake: kwamba majivu ya maganda ya kahawa, yale maganda ambayo Wagisu huyatupa baada ya kukoboa, yanaweza kuzuia fukusi wasile mahindi ya maskini asiyeweza kununua dawa. Tulikula kwenye meza ileile aliyoandikia. Viazi vitamu kila siku, maana yeye ni Msoga na Msoga bila kiazi huona hajala, pamoja na mukene, wale samaki wadogo wakavu, ndani ya mchuzi wa karanga. Alikula huku anasoma, na mara nyingi mkono ulitafuta kiazi ukakuta kalamu.

Mezani hapo ndipo aliponieleza habari ya kuhesabiwa. Chuo kilikuwa na kiti kimoja cha profesa, na waliokitaka walikuwa wawili, yeye na Dokta Gidudu. Zamani wakubwa wangekaa wakachagua wanayempenda. Sasa walisema watapima. Wanaangalia mambo matatu: makala ulizoandika, watu ulioandika nao, na zaidi ya yote, mara ngapi watu wengine wamekutaja ndani ya makala zao. Nikamuuliza anayehesabu ni nani. Akasema ni kompyuta. Nikamuuliza kompyuta inalishwa na nani. Akacheka, akasema inalishwa na watu, na mimi nikamwambia basi Dokta, ni watu wanaohesabu, usidanganywe na mashine. Alinieleza kwamba mtu akikutaja maana yake kazi yako imemsaidia. Hapo ndipo mimi na yeye tulipokuwa hatukubaliani. Kwangu mimi mzani ni mzani, lakini kabla sijasoma unasemaje huwa naangalia kwanza mguu wa mwenye gunia uko wapi. Yeye alisema watu wa elimu hawaweki mguu kwenye mzani. Alisema hivyo kwa moyo wake wote, na wakati ule walikuwa wamemtaja wachache sana, kama mtu aliyepiga hodi kijiji kizima wakaitikia nyumba za pembeni tu. Alikitaka kile kiti. Sitaki msomaji afikiri alikuwa malaika. Alishakaribia umri wa kustaafu, na alijua kwamba majivu yakisemwa na dokta huchukuliwa kama mambo ya jikoni, lakini yakisemwa na profesa wizara inaweza kuyaandika katika maelekezo yake.

Mwaka ule kwangu ulianza Agosti, maana ulikuwa mwaka wa imbalu, yaani tohara, na Wagisu mwaka wa imbalu hawana hesabu nyingine. Mtoto wa Gidudu alikuwa anatahiriwa nyumbani kwao Busiu. Huyo Gidudu ndiye aliyemwingiza Dokta kwa wakulima. Maghala yaliyojaribiwa majivu mengi yalikuwa ya ukoo wake, na hakuwahi kudai chochote. Kwa hiyo Dokta akaniambia nitafute fahali. Nikamwambia kuku angetosha, au mbuzi. Akasema watu wamempa maghala yao, hawezi kwenda na kuku mkononi. Fahali nilimchagua mimi mwenyewe, na mpaka leo kuna wazee wa Busiu wanaomkumbuka, mweusi mwenye nundu kama mlima. Tukaingia naye kwenye pikapu ngoma zikiwa zimechacha, kijana kapakwa unga usoni, kasimama na fimbo mabegani, hapepesi jicho. Nusu ya chuo ilikuwa pale kwenye viti vya plastiki. Hata mwenyekiti wa kamati iliyokuwa iwapime, profesa mnene mwenye kucheka, alikuwa na sahani ya nyama pajani. Gidudu alipomwona yule fahali hakushukuru. Alimshika pembe, akasema taratibu, nusu kwangu nusu kwake mwenyewe, "Huyu atanikaa shingoni."

Nilikuja kuelewa baadaye. Kwao, ukiletewa kitu siku ya imbalu ya mwanao, nyumba nzima hukumbuka, na siku mtoto wa mwenzako akisimama, wewe unarudisha, na ukiweza unazidisha. Ndivyo wanavyoshikana. Sasa Dokta hakuwa na mtoto wa kiume, na kwao Busoga hawatahiri. Siku ya kumrudishia isingefika hata dunia ikizeeka. Gidudu alipokea kitu asichokuwa na mlango wa kukitolea. Lakini siku ile mimi sikuliona hilo. Mimi niliona mtu anayepewa fahali na mshindani wake halafu hacheki, nikasema moyoni, huyu ana jambo.

Gidudu alikuwa amepanga vyumba viwili Namatala, pembeni ya Mbale, karibu na mabwawa ya mpunga, ambamo wanafunzi wake waliandikia kazi zao. Dokta alikuwa akiwapelekea gunia la mahindi, nami ndiye niliyelibeba. Nikifika nilikuwa nasimama mlangoni kuvuta pumzi, na watu wenye elimu wana kasoro moja, wakimwona mtu kashika gunia wanadhani na masikio yameshikwa. Ndani palikuwa joto, nyaya zimetambaa kama mizizi, vijana wamekaa wawiliwawili kwenye kompyuta moja, chapati zimewekwa juu ya vitabu. Gidudu alikuwa anapita nyuma yao mmoja mmoja kama mwalimu wa madrasa.

"Umemweka Dokta Nangobi?" alimuuliza mmoja.

"Mzee, yangu ni ya matofali."

"Matofali yanajenga nini?"

"Nyumba, mzee."

"Na ghala. Ghalani kuna nini? Mahindi. Kwenye mahindi kuna nani? Mtaje."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema yake ni ya ugonjwa wa mbuzi, je naye amtaje, na Gidudu akamuuliza bila kutabasamu kama kwao mbuzi hali mahindi. Kisha akasema jambo ambalo halikuwachekesha: kwamba jarida ni lake, yeye ndiye anayelipanga na kulitoa, na makala isiyo na jina la Dokta Nangobi itasubiri.

Niliweka gunia chini nikaondoka bila kuaga. Njia nzima nilikuwa nawaza. Sokoni kwetu, adui mwenye akili hakuibii. Anachukua mali ya wizi anaiweka ghalani kwako, halafu anakwenda kumwita askari. Hawa wawili wanagombea kiti kimoja, na mmoja anamjazia mwenzake mzani. Kwa nini? Mtu hakuongezei uzito bure. Ama anakutaka, ama anakuzika. La kumtaka nililichunguza: niliangalia wanavyosalimiana, wanavyopeana mikono, nani anaangalia chini. Sikuona kitu, wazee wawili wanaongea habari ya unyevu. Basi ikabaki la kuzikwa.

Hesabu ikaanza kupanda. Jarida la Gidudu lilikuwa dogo, lakini lilikuwa mtandaoni, na kompyuta ile inayohesabu haiulizi ukubwa. Siku moja Dokta alinigeuzia kioo mezani, akanionyesha mstari uliokuwa umelala miaka yote sasa umeinuka kama mkia wa paka. Alikuwa na furaha ya msichana. Akapika kuku siku ya Jumanne, na Kimaka ile kuku haliwi Jumanne bila sababu. Alisema labda watu wamechelewa tu kuona, labda kazi huiva kama ndizi, unangoja na kungoja halafu zinaiva zote pamoja. Mimi nikala kuku wangu. Mfanyabiashara hatoboi neno kabla hajauona mzigo wote. Nilikuwa nasubiri nimwone askari anatokea upande gani.

Akatokea upande wa kamati. Yule mwenyekiti mwenye kucheka alimwita Dokta ofisini bila kucheka, akamwambia kuna mtu ameangalia wanaomtaja ni akina nani, na wote wanatoka mahali pamoja. Akamuuliza ana mapatano gani na Gidudu. Akamwambia akionekana alipanga, si kiti tu atakachokosa, hata makala zake za kweli zitatiliwa shaka, na majivu yake pamoja nazo. Dokta alitoka pale akaingia kwenye pikapu akanisimulia yote hayo mpaka tulipoikaribia Tirinyi, njiani kurudi Jinja. Hapo nikamweleza niliyoyasikia Namatala, matofali, mbuzi, na habari ya adui anayeweka mali ghalani kwako. Aliniomba nisimamishe gari. Akashuka, akasimama kando ya barabara na mgongo umenigeukia, akiangalia mpunga. Aliporudi, uzi wa miwani ulikuwa umelowa. Akasema, "Geuza. Twende Namatala."

Tulimkuta Gidudu anakula pamoja na wanafunzi wake, malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga. Aliwatoa vijana nje kwa jicho tu, akatuwekea maji ya kunawa. Dokta hakunawa. Hilo Gidudu aliliona, nami niliona kwamba ameliona, kwa sababu mkono wake ulirudi polepole na birika.

"Nani alikuomba?" Dokta aliuliza.

"Kwani fahali nilimwomba?"

Akaeleza. Mshahara wake ulikuwa unasomesha watoto wa ndugu zake wote, hakuwa na uwezo wa kurudisha mnyama kama yule, na hata angekuwa nao, angempeleka kwa sherehe gani? Aliona Dokta ana njaa ya kitu kimoja tu, naye kitu hicho alikuwa nacho. Alisema, "Wewe ulisimama na mwanangu mbele ya watu. Nami nimesimama na wewe mbele ya watu. Kosa langu liko wapi?"

"Yule mtoto alisimama mwenyewe," Dokta alisema. "Hakuna aliyemshikilia."

Gidudu akabadilisha njia. Akauliza kama Dokta anafikiri hao wa ng'ambo wanaotajana kila siku hawajuani. Alikwenda kwenye mikutano yao, akawaona wanakula meza moja, wanafundishiana watoto, wanapigiana simu kwa majina madogo, na kila mmoja anamtaja mwenzake, na hakuna kamati inayowauliza mmepatana nini. Sisi tukifanya ni njama, wao wakifanya ni elimu. Nakubali, mimi niliyekuja na chuki yangu tayari, kwamba hapo aliniyumbisha. Lakini Dokta hakuyumba. Alimwambia kwamba huenda ni kweli, na hata kama ni kweli, mtu wa matofali hakuyasoma majivu yake. Hakuna hata mmoja wao aliyesoma. Wamemtaja kama watu wanavyotaja majina ya waliochangia harusi. "Gidudu," akasema, "nilifurahi. Nilipika kuku. Unajua ulinifanya nini?" Huo ndio mwisho wa maneno aliyoyasema humo ndani, na malewa yakapoa katikati yetu.

Ndiyo maana mwezi uliopita, tulipofika palepale mabondeni Tirinyi, mpunga kulia na kushoto, nilishindwa kujizuia. Mzee alikuwa anasinzia, mkongojo katikati ya magoti. Nikamuuliza waziwazi, kama mtu mwenye malori anavyoweza kumuuliza mstaafu: mwaka ule ulikuwa unarudisha fadhila, au ulikuwa unamtegea? Kwa sababu kiti kilikuwa kimoja, Dokta. Kilikuwa kimoja.

Hakukasirika. "Wewe Haji," alisema, "ukipewa maji unachungulia kikombe."

"Ndiyo maana niko hai."

"Na kiu je, imewahi kukuisha?"

Nikakanyaga mafuta. Aliyesema hilo alikuwa mtu mwenye akili sana au mtu asiye na hatia, na kwa uzoefu wangu watu hao wawili wanafanana usoni. Nimefanya biashara na waongo wa kila kabila, nimewauzia na kuwanunulia, na huyu mzee mmoja sijawahi kumpima nikapata jibu. Ninachokijua ni kilichotokea siku ya kamati, kwa sababu nilikisikia kwa masikio yangu.

Walikaa kwenye chumba cha chini, madirisha wazi kwa ajili ya joto, na pikapu yangu niliiegesha pale pale chini ya dirisha. Sikuiegesha kwa bahati. Gidudu alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, anangoja zamu yake, tai imemkaba. Humo ndani walikuwa wanazungumza Kiingereza, lugha ambayo naielewa kuliko wanavyodhani, na tangu asubuhi nilikuwa najua Dokta ana njia rahisi. Angesema tu kwamba Gidudu alifanya bila yeye kujua, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, angebaki safi, Gidudu angefukuzwa kazi, na kiti kingebaki hakina mgombea mwingine. Mimi ningelisema hilo kabla sijaketi. Nilimwambia hivyo njiani, na yeye akaniambia niangalie barabara.

Mwenyekiti akamuuliza kama kati yake na Dokta Gidudu kumewahi kupita zawadi yoyote, msaada wowote, kitu chochote chenye thamani. Nilishika usukani utafikiri gari linakimbia. Dokta akasema ndiyo, alimpelekea fahali. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kufundishia, "Fahali wa imbalu ya mtoto wake. Na wewe Profesa ulikuwepo. Ulikula."

Mtu mmoja ndani akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Mwenyekiti akasema kwamba ile ni mila na hii ni hesabu, na vitu hivi viwili havichanganywi. Dokta akasema hilo ndilo alilokuja kusema. Dokta Gidudu amechanganya, kama ambavyo kila mtu aliyemo humo amechanganya siku moja au nyingine, na kama watamfukuza yeye waanze kuulizana nani alimpigia nani simu. Yeye Nangobi anachoomba ni kimoja: wayatoe yote ya kumtaja yaliyotoka kwa Gidudu na kwa wanafunzi wake, hata lile moja au mawili ambayo huenda ni ya haki, kisha wampime kwa kinachobaki. Mwenyekiti akamwambia, si kwa ubaya, kwamba akiyatoa hayo atabaki na kidogo sana. Hakitatosha kiti. Alimwambia afikiri. Nami chini ya dirisha nilikuwa nafikiri kwa niaba yake kwa nguvu zangu zote, nyamaza mama, nyamaza, wacha mzani usome unavyosoma.

"Kitakuwa kidogo," alisema, "lakini kitakuwa changu."

Alipotoka alipita mbele ya lile benchi. Gidudu alisimama. Sikusikia walichosemezana, na nimejilaumu mara nyingi kwa kuegesha upande ule badala ya upande wa korido. Niliona tu kupitia mlango kwamba Gidudu alishika mkono wa Dokta kwa mikono yake miwili na kuinama kidogo, kama wanavyofanya wakimsalimia mkwe. Hakufukuzwa. Jarida walimnyang'anya. Kiti hakupewa mtu mwaka ule, na baadaye alikuja mgeni kutoka Kampala akakikalia, na Dokta akastaafu akiwa dokta.

Wiki zilizofuata nyumba ya Kimaka ilikuwa nzito. Maafande walikimbia na kuimba kama kawaida, sisi tukala viazi vyetu. Mstari wa kwenye kompyuta ulikuwa umerudi kulala. Nilianza kufikiri kwamba nimfanyie biashara, nimpeleke Busiu auze majivu kwenye mifuko, nami niwe wakala, kwa sababu mimi huzuni ya mtu huwa naijibu kwa mradi. Nilikuwa nafunga turubai la pikapu mvua inakuja, nikasikia ananiita ndani kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya kuku. Nikajua mara moja kwamba wamemdanganya tena.

Alikuwa ameshika karatasi iliyotoka kwenye mashine bado ina joto. Ilikuwa makala ya mtu wa nchi moja ya visiwa, mbali sana, nchi ambayo jina lake nilijaribu kulitamka likanishinda. Alinisomea kwa Kiswahili, anatafsiri huku kidole kinafuata mstari. Mtu huyo alisema ameifuata njia ya Nangobi wa Uganda tangu mwanzo mpaka mwisho, amechoma maganda ya kahawa ya kwao, amechanganya kwa kipimo kilekile, amengoja msimu mzima. Na fukusi wamekula mahindi yote. Kwa hali ya hewa ya kwao, njia ya Nangobi haifai.

"Anakutukana huyu," nikasema.

"Amesoma, Fara." Alikuwa anatabasamu na meno yote. "Amesoma mpaka mwisho."

Nikamuuliza kama amewahi kumlisha mtu huyo. Akasema hata maji. Nikamuuliza kama ana ndugu Mbale, kama alisoma na mtu aliyesoma na Gidudu, kama aliwahi kupita Busiu akapewa ndizi na mtu yeyote. Hapana, hapana, akawa anacheka, hapana. Hamjui. Hajawahi kumwona. Mtu amekaa kisiwani kwake, amechukua msimu wa maisha yake kuhakikisha kama neno lake ni kweli, na amekuta si kweli kwake, na amesema. Kisha akaiacha karatasi mikononi mwangu, akaenda kuvuta debe tupu kutoka ukutani, akaanza kunieleza habari ya unyevu, kwamba huko lazima hewa ni nzito, kwamba majivu yakinywa maji hayana kazi, kwamba tutahitaji debe moja tuliweke karibu na ziwa tuone.

Mimi nilibaki mezani. Niliusoma ule ukurasa kwa kadiri nilivyoweza, nikalitafuta jina lake, nikalikuta, limeandikwa mara moja tu. Nikaupindua nyuma kuangalia kuna nini. Nyuma palikuwa peupe. Nikauinua kwenye mwanga wa dirisha, kama tunavyofanya na noti, nikauangalia vizuri, huku na huku, na Dokta kule ukutani akisema nije nimshikie debe.